Ziwa Halikauki: Je, Mila Iliyobuniwa Juzi Ina Haki ya Kuingia Kwenye Kamusi Elezo?

Hotuba hii ilitolewa Mwanza mbele ya wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili, walimu na wanafunzi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu mlioketi hapo mbele. Wa Ukerewe mliovuka na kivuko cha asubuhi, wa Musoma na Geita mliokuja na basi, wenyeji wa hapa hapa Mwanza, walimu, wanafunzi, wahariri wenzangu: karibuni sana, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Nimepewa kazi ya kuzungumzia makala moja ya Wikipedia yetu. Ni fupi, haifiki hata aya nne. Lakini wengi wenu mmeifuatilia kwenye ukurasa wake wa majadiliano, mmeona maneno yalivyopanda, mmeona watu wanaoheshimiana wakianza kurushiana vijembe. Ndiyo maana tumeona tuizungumze hapa, ana kwa ana.

Kwa wasioifahamu, niisimulie. Kuna kundi la vijana wa hapa mjini ambao jioni za mwisho wa wiki hukutana kando ya ziwa, upande wa Capri Point. Wanaagiza sato, wanaagiza vinywaji. Anayekunywa bia anakunywa bia, anayekunywa soda anakunywa soda. Kabla ya yeyote kuonja, wote wanasimama. Hawagonganishi glasi kama tunavyofanya kwenye harusi. Wanageukia ziwani, kila mmoja anagonga kitako cha chupa yake mezani mara mbili, ko, ko, halafu mdogo wao kwa umri anaita, "Ziwa!" Wote wanaitikia, "Halikauki!" Hapo ndipo wanakunywa, na mkubwa wao ndiye anayeanza.

Ndiyo mila yenyewe. Mmoja wa vijana hao, mwenye bidii kweli kweli, na yumo humu ukumbini, akaiandikia makala. Makala ikasema kwamba hii ni "desturi ya kale ya wavuvi wa Ziwa Victoria, iliyokuwepo kabla ya ukoloni". Haikupita wiki, mhariri mwingine akabandika kigezo cha kufuta, yaani tangazo la kupendekeza makala iondolewe. Moto ukawaka.

Sasa swali letu. Mila ya kunywa, iliyobuniwa na marafiki mezani, ina haki ya kuwa na makala yake katika kamusi elezo?

Nitawaambia mapema ninaposimama. Haina haki hiyo. Bado haina. Na ninalisema hilo huku naipenda mila yenyewe, kwa sababu vijana wanaosimama na kuliheshimu ziwa lao kabla ya kunywa wananifurahisha mno. Lakini kupendeza ni jambo moja, na kustahili makala ni jambo jingine. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana sababu nyingi zilizotolewa kwenye majadiliano si sahihi, hata zile za upande wangu.

Nianze na hoja niliyoiona imerudiwa kuliko zote. Wengine mmeandika: "Ifutwe, ni mila ya kubuni." Ndugu zangu, mila ipi haikubuniwa? Nani humu anaijua mila iliyodondoka kutoka mbinguni?

Twendeni Bujora, hapo Kisesa, mwendo mfupi kwa barabara ya Musoma. Kila mwaka mwezi wa Juni watu hufurika kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Kuna vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana: Wagika wana upande wao, Wagalu wana upande wao. Manju wanaimba, ngoma zinalia, wachezaji wanaleta kila mbinu ya kuvuta macho, na hakuna majaji wa kutoa alama kwenye karatasi: ngoma iliyovuta umati mkubwa zaidi ndiyo iliyoshinda. Wale mliowahi kusimama katikati ya uwanja ule, umati ukikimbia kutoka upande huu kwenda upande ule kwa sababu upande wa pili wameleta nyoka, mnajua ninachosema. Basi, ushindani wa Wagika na Wagalu ni wa tangu karne ya 19. Lakini Bulabo yenyewe ni ya karne ya 20. Ilizaliwa pale maandamano ya Kikatoliki ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo yalipokutanishwa na ngoma za Wasukuma, na Bujora ikapata jina lake chini ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanzisha kituo kile miaka ya 1950. Kuna watu walikaa, wakafikiri, wakaiunda. Je, Bulabo haistahili makala? Inastahili mara kumi!

Kwa hiyo umri si kigezo. Kubuniwa si kosa. Naomba tuliache hilo kabisa.

Na kuchekesha pia si kosa. Mwaka 1995 huko Marekani marafiki wawili, John Baur na Mark Summers, wakiwa wanacheza mchezo wa mpira wa ukutani, walianza kuongea kwa lafudhi ya maharamia wa baharini kwenye hadithi. Wakakubaliana kwamba kila tarehe 19 Septemba watu waongee hivyo. Ilikuwa yao na rafiki zao, basi. Miaka ikapita hivyo hivyo. Mwaka 2002 wakamwandikia barua Dave Barry, mwandishi wa safu za vichekesho magazetini, naye akaiandika. Baada ya hapo magazeti na redio za nchi mbalimbali zikaichukua, na leo siku hiyo ina makala katika Wikipedia ya lugha nyingi.

Sasa niulize. Mwaka 1998 siku ile ilistahili makala? Hapana. Baada ya 2002? Ndiyo. Mzaha ni uleule, wenyewe ni walewale, tarehe ni ileile. Kilichobadilika ni nini?

Kilichobadilika ni kwamba watu wasiohusika nao waliitazama, wakaiona ina maana, wakaiandika kwa majina yao wenyewe, mahali ambapo wangeulizwa wakikosea. Hilo tu ndilo lililobadilika, na hilo tu ndilo tunalolidai. Ukienda kwenye baraza la wazee na kesi yako, hujiletei ushahidi wako mwenyewe ukaishia hapo. Utaulizwa: nani mwingine aliona? Kamusi elezo nayo inauliza hivyo. Wikipedia ya Kiingereza imekutana na jambo hili mara nyingi kiasi kwamba ina ukurasa mzima wa mwongozo kuhusu mambo ambayo mtu na rafiki zake wameyabuni siku moja. Jibu la ukurasa huo ni lile lile: hongereni, lakini si hapa, si sasa.

Ndugu zangu, kamusi elezo haitangulii. Inafuata. Haizai mila. Inapokea habari za mila iliyokwisha kuzaliwa, ikakua, ikaonwa na majirani.

Sasa tuje kwenye yale maneno mawili, "ya kale". Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo uchungu wangu ulipo.

Kijana wetu alijua fika kwamba mila ni yao. Kwa nini akawapa wavuvi wa kabla ya ukoloni? Nimeongea naye, na ameniruhusu niseme. Alidhani mila mpya haina heshima. Alidhani lazima ipewe babu ndipo ikubalike. Lakini tazameni kilichotokea. Mila yenyewe ni ya kugonga kitako cha chupa mezani. Chupa! Wavuvi wa Ukerewe, wa Kome, wa Ukara, kabla ya ukoloni, chupa za bia walizitoa wapi? Wazee wetu walinywea kibuyu na kata. Mtu mmoja tu akiuliza swali hilo dogo, makala yote inaanguka, na vijana ambao hawakumdanganya mtu mezani kwao wanaonekana waongo mbele ya dunia.

Hakuna aibu katika kusema "tulianzisha sisi". Na hata pale hadithi ya kale inapokuwepo kweli, kuna namna ya kuiandika kwa haki. Nitawapa mfano, na ni mfano wa kunywa vilevile. Hungaria, mwaka 1849, mapinduzi yao dhidi ya utawala wa Austria yalishindwa. Tarehe 6 Oktoba majenerali 13 waliuawa katika mji wa Arad, ambao leo uko Romania. Husimuliwa kwamba maafisa wa Austria siku ile walisherehekea kwa kugonganisha bilauri za bia, na kwamba Wahungaria wakaapa kutogonganisha bia kwa miaka 150. Hesabuni: miaka hiyo iliisha 1999. Lakini hadi leo wapo Wahungaria ambao ukinyoosha bilauri yako ya bia ili mgonge, wanarudisha mkono.

Kamusi elezo inaliandikaje hilo? Majenerali 13 kuuawa ni tukio la historia, lina kumbukumbu, linaandikwa kama tukio. Ile bia ya maafisa inaandikwa kama simulizi: "husimuliwa kwamba". Na mwiko wa kutogonga unaandikwa kama desturi ya watu wanaoishi leo. Mambo matatu, kila moja kwa uzito wake. Hakuna kilichopandishwa cheo, hakuna kilichodharauliwa. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mambo ya kunywa ni madogo mno kwa kamusi elezo. Wageorgia wana msimamizi wa karamu, wanamwita tamada, ambaye kazi yake ni kuongoza maneno ya kutakiana heri kabla ya kila glasi, na utaratibu wake umeandikwa na wataalamu wengi. Meza ya kinywaji ni mahali pa utamaduni kama uwanja wa ngoma.

Nije sasa kwenye hatari. Wengine mmeniambia, "Kwani kuna ubaya gani? Ni makala moja. Nafasi ipo. Nani ataumia?"

Nani ataumia? Sikilizeni.

Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani alikwenda Brazili, akaona mnyama aitwaye koati. Akarudi nyumbani, akaingia kwenye makala ya koati katika Wikipedia ya Kiingereza, akaongeza maneno machache: kwamba mnyama huyo pia huitwa "mhanga wa Brazili". Koati hana undugu wowote na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Ulikuwa utani wake na familia yake. Maneno yakabaki. Miaka ikaenda. Magazeti ya Uingereza yakaandika habari za koati, yakamwita mhanga wa Brazili. Likaingia hata kwenye kitabu cha kitaaluma. Na kisha, ndugu zangu, ndilo hili la kushtua: maandiko yale yaliyolichukua jina kutoka Wikipedia yakaja kutumika kuthibitisha jina hilo ndani ya Wikipedia. Uongo ukazunguka, ukarudi nyumbani na cheti.

Yule ni mnyama. Koati haumii akiitwa jina la uongo. Lakini mwaka huo huo ulipita kukiwa na uongo mwingine unaoishi kimya kimya. Mwaka 2005 mtu fulani aliandika makala kuhusu Jar'Edo Wens, kwamba ni mungu wa wenyeji asilia wa Australia. Hakuna mungu huyo. Jina lilitungwa. Makala ilikaa hadi 2015, karibu miaka kumi, na jina likaingia kwenye kitabu kinachozungumzia dini.

Fikirini juu ya watu wale. Wenyeji asilia wa Australia wamepokonywa ardhi, lugha zao nyingi zimekufa, wazee wao wanahangaika kuwafundisha wajukuu majina ya mababu. Halafu mtu asiyewajua anawatungia mungu, na dunia inasoma kwa miaka kumi. Je, hilo ni jambo dogo?

Sasa rudini hapa ziwani. Tuseme makala yetu imebaki. Mshereheshaji wa harusi kule Ilemela anatafuta kitu cha kunogesha ukumbi, anaisoma, anawaambia wageni, "Kama walivyofanya wavuvi wetu wa kale, geukeni ziwani!" Ukumbi unashangilia. Mwandishi wa gazeti alikuwa mgeni pale, anaandika. Mwongoza watalii anaichukua, anaisimulia kwenye boti. Mwalimu anaiweka kwenye somo la utamaduni. Hakuna hata mmoja wao aliyedanganya kwa makusudi. Kisha siku moja mzee wa Ukara, aliyevua tangu utoto, anasikia mjukuu wake akisoma habari hiyo. Anasema, "Mjukuu wangu, sisi hatukufanya hivyo." Na mjukuu anamgeuzia simu: "Babu, mbona imeandikwa?"

Babu anashindwa na simu, kwenye habari za maisha yake mwenyewe! Huyo ndiye atakayeumia.

Na msidhani kwamba lugha kubwa tu ndizo zenye hatari hii. Lugha zenye wahariri wachache ndizo zilizo wazi zaidi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba kijana mmoja wa Marekani, asiyekijua Kiskoti, lugha ya huko Uskoti, alikuwa ameandika maelfu ya makala katika Wikipedia ya lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alidhani anasaidia. Aliandika Kiingereza kilichopindwa pindwa, na watu wa nje wakasoma wakasema, kumbe Kiskoti ndicho hiki. Wenye lugha yao waliumia. Kwa nini ilichukua miaka? Kwa sababu wahariri walikuwa wachache na hakuna aliyekuwa anapita nyuma kukagua.

Sisi tuko wangapi? Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Wakabidhi wetu, wale wahariri wenye mamlaka ya kufuta makala, mnawafahamu, wengine mnawafahamu hadi kwa sauti. Makala nyingi ni mbegu, yaani fupi na hazijakamilika, mtu akiandika leo inaweza kupita miaka kabla ya mwingine kuigusa. Zaidi ya hapo, siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazojifunza lugha yetu kutokana na kilichoandikwa kwenye intaneti, na kilichoandikwa kwa Kiswahili si kingi ukilinganisha na Kiingereza. Kwa hiyo sentensi moja ya Kiswahili ina uzito kuliko sentensi moja ya Kiingereza. Kosa letu halizami kwenye wingi. Linaelea juu.

Nimefika kwenye hoja ngumu. Kuna dada mmoja aliandika kwenye majadiliano maneno ambayo nimeyasoma na kuyarudia. Alisema, kwa ufupi: "Mkidai maandishi, mnawafuta babu zetu, maana wao hawakuandika." Dada, popote ulipo humu, nakuheshimu kwa hoja hiyo. Ni hoja ya kweli, na wanaoijibu haraka haraka hawajaielewa.

Mwezi Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ukingo wa kusini wa ziwa hili, hapa hapa Mwanza. Aliandika alichokiona, akalipa ziwa jina la malkia wake. Watu aliowakuta ukingoni walikuwa na majina yao ya ziwa, na mila zao za kunywa pia, lakini hawakuacha daftari. Matokeo yake, ukitafuta chanzo cha kuandikia mambo ya zamani ya huku, mara nyingi unaangukia kwenye daftari la mgeni. Hilo linauma, na lina haki ya kuuma.

Lakini dawa yake ni ipi? Ni kuandika kila tunachokipenda na kukiita cha kale? Au ni kufanya alichokifanya Aniceti Kitereza?

Wa Ukerewe, huyu ni wenu. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliona mambo ya wazee yanapotea mbele ya macho yake, akakaa chini kuyaandika, kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake. Alimaliza mwaka 1945. Nani wa kuchapisha riwaya ndefu ya Kikerewe mwaka 1945? Hakuna. Hakukata tamaa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki.

Na ndani yake kuna nini? Bugonoka amerudishwa kwao na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wanawasimanga kwa kukosa mtoto. Myombekere anawaendea wakwe kumwomba mkewe, nao wanamtoza pombe. Pombe ya ndizi. Hapo Kitereza hakimbii. Anakuonesha jinsi pombe inavyopatikana, nani anasaidia, inavyobebwa, inavyopokelewa, nani anakaa wapi, nani anaanza kunywa na maneno gani yanasemwa. Ni riwaya, ndiyo, lakini msomi yeyote wa mila za Wakerewe analazimika kuipitia, na wengi wameipitia na kuiandikia. Leo mtu akitaka kuandika makala kuhusu pombe na heshima ya wakwe Ukerewe, ana pa kuanzia, na ana tanbihi.

Mzee wa kisiwani, bila kompyuta, bila mchapishaji, alisubiri miaka 35 ili jambo liandikwe sawasawa. Sisi tunashindwa kusubiri wiki tatu?

Na kama mtasema, "Zama zile zimepita, hatuwezi sote kuwa Kitereza," basi sikilizeni lililofanyika mwaka 2011. Achal Prabhala wa India aliongoza mradi uliosaidiwa na Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, huko India na Afrika Kusini, wa kujaribu kutumia sauti za watu kama chanzo cha makala. Walikwenda vijijini na vinasa sauti. Kule Limpopo walirekodi jinsi wanakijiji wanavyotengeneza pombe ya matunda ya mng'ongo. Pombe, tena! Waliohojiwa walikuwa ndio wapikaji wenyewe. Sauti ziliwekwa wazi, zikiwa na majina ya wasemaji, mahali na tarehe, mtu yeyote asikilize. Kulikuwa na ubishani mkubwa iwapo hilo linatosha kwa kanuni za Wikipedia, na ubishani huo haujaisha. Lakini tazameni walichokifanya. Hawakufungua mlango kwa kila anayesema "ni ya kale". Waliwaendea wanaojua, wakawauliza, wakawataja. Babu hakufutwa. Babu alitiwa sahihi.

Huo ndio mwelekeo ninaoutaka kwetu. Hasira yetu ya kuona kurasa za ziwa letu ziko tupu ni hasira njema. Mimi ninayo, mnayo ninyi pia. Nenda ukatafute makala kuhusu nyimbo za wavuvi wanapovuta kokoro usiku. Tafuta kuhusu miiko ya mitumbwi. Tafuta kuhusu bugobogobo, wacheza majembe, na jinsi pombe ilivyowasubiri mwisho wa shamba. Utakuta aya mbili, au hukuti kitu. Tukilijaza pengo hilo kwa vya kubuni, tutakuwa tumeziba nafasi ya vya kweli, kwa sababu anayekuta ukurasa umejaa hatafuti tena.

Nije kwenye makala yenyewe, maana ndiyo tuliyoitiwa. Pendekezo langu kwa wakabidhi ni kwamba iondolewe kwenye orodha ya makala, na maneno yake yahifadhiwe kwenye ukurasa wa mtumiaji wa kijana mwenyewe, asipoteze kazi yake. Ile sentensi ya "kabla ya ukoloni" ifutwe kabisa, isibaki hata kule. Kwenye ukurasa wa majadiliano iandikwe sababu kwa upole, ili yeyote atakayekuja kesho asidhani alifukuzwa mtu. Na vijana, endeleeni kusimama na kugeukia ziwa lenu. Msiache. Msimwandikie mwandishi wa gazeti yeyote kwa kumbembeleza, wala msimlipe mtu. Mila ikiwa na nguvu itahama meza yenyewe. Siku mtu msiyemjua akija kuwauliza, kwa nini mnagonga mara mbili, mjibuni kweli, na mwacheni aandike.

Lakini kijana wetu ninampa kazi nyingine, na nimekwisha kumwomba, amekubali. Swali alilolijibu kwa kubuni ni swali zuri ajabu: wavuvi wa ziwa hili walifanya nini kweli kabla ya kunywa? Walimwaga ya kwanza chini kwa ajili ya mizimu? Nani alianza, mwenye mtumbwi au mkubwa wa umri? Siku ya kurudi na samaki wengi ilitofautianaje na siku ya kurudi na msiba? Wazee wanaojibu hayo wapo, na baadhi yao wameketi hapo mbele.

Atakwenda na wenzake watatu, Ukerewe na Ukara. Wataomba ruhusa kwanza, kabla ya kuwasha kinasa sauti, na wataeleza sauti itawekwa wapi. Wataandika jina, kijiji, tarehe, na kazi aliyoifanya msemaji. Wataacha mzee amalize sentensi yake, hata kama inachukua dakika kumi, na hawatamwekea maneno mdomoni. Wakimaliza kwa mmoja, waende kwa wa pili, na wasimwambie wa kwanza alisema nini. Nakala moja ya sauti itapelekwa makumbusho ya Bujora, kama watatupokea, na nyingine itabaki kwa walimu wa chuo waliojitolea kuisimamia, ili mwanafunzi atakayetaka kuandika tasnifu aikute. Kiswahili kikiwa kigumu kwa mzee, aongee Kikerewe au Kikara, tafsiri tutaitafuta.

Walio tayari kuungana nao, andikeni majina kwa mwalimu aliyeketi pale mlangoni. Kinasa sauti kizuri tunacho kimoja, kwa hiyo tutapangiana zamu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali, na naomba tuanze na wazee.